Miksa ya Kidijitali kwa Kurekodi Nyumbani: Yampasayo Mlaji Kuyajua Kabla ya Kulipa

Miksa ya sauti ni miongoni mwa bidhaa za kielektroniki ambazo walaji hununua kwa kutegemea zaidi maneno ya muuzaji kuliko maelezo ya mtengenezaji. Kwaya za mitaani, vikundi vya taarab, watayarishaji wa vipindi vya sauti na vijana wanaotunga nyimbo vyumbani mwao wote huihitaji, au huambiwa kwamba wanaihitaji. Fedha zinazotumika kuinunua mara nyingi ni michango ya wanakikundi ya miezi mingi, au akiba ya mtu ambaye hana nyingine. Katika sehemu hii ya kijitabu tunasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: neno "kidijitali" na alama ya USB juu ya boksi havimwambii mnunuzi iwapo sauti zitafika kwenye kompyuta kila moja peke yake, au zitafika zikiwa zimekwisha kuchanganywa.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, tuchukue mfano wa kwaya inayojirekodi sebuleni kwa mwenyekiti wake. Kuna maikrofoni nne, moja kwa kila kundi la waimbaji, yaani sauti ya kwanza hadi ya nne. Kuna kinanda, gitaa la solo, gitaa la besi na ngoma. Hizo ni njia nane. Kazi inakwisha jioni, watu wanarudi makwao. Kesho yake, mtu wa mitambo anaposikiliza, anagundua kwamba ngoma imeifunika sauti ya pili. Kama njia zote nane zilinaswa kila moja kwenye traki yake, atapunguza ngoma, atainua sauti ya pili, na wimbo utapona. Kama zilinaswa zikiwa mchanganyiko mmoja wa kushoto na kulia, hakuna kitufe kitakachozitenganisha kwa usafi. Chai iliyokwisha kutiwa sukari haichujwi. Itabidi kwaya nzima iitwe tena.

Sauti huingia kwenye miksa ikiwa mkondo dhaifu wa umeme kutoka kwenye maikrofoni. Miksa huukuza mkondo huo, na miksa ya kidijitali huugeuza kuwa tarakimu, kwa kawaida mara 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde, kisha hufanya kazi zake zote, kama vile kurekebisha besi na mwangwi, kwa hesabu za kompyuta ndogo iliyo ndani yake. Lakini dukani jina hilo hutumiwa kwa ulegevu mkubwa. Miksa nyingi zinazoitwa za kidijitali ni za analojia zilizowekewa kifaa kidogo cha mwangwi wa kidijitali, kioo kinachoonyesha jina la wimbo, Bluetooth, na tundu la USB. Si mashine mbaya. Kwa mkutano au sherehe zinafaa sana. Kosa ni kuziuza kwa mtu aliyesema waziwazi kwamba anataka kurekodi.

Tunatoa mifano michache kwa ajili ya ufafanuzi tu. Hatupendekezi wala hatukatazi bidhaa ya kampuni yoyote. Yamaha MG10XU ni miksa ya analojia yenye athari za kidijitali na USB. Mtengenezaji wake anaeleza bila kuficha kwamba hupeleka njia mbili kwenye kompyuta, yaani kushoto na kulia, kwa ubora unaofikia biti 24 na kilohezi 192. Mnunuzi asiyejua huiona namba 192 akadhani ndiyo kubwa kuliko zote, ilhali namba inayomhusu yeye ni ile 2. Behringer XR18, kwa upande mwingine, haina vidhibiti vya kusogeza kwa kidole wala kioo, huendeshwa kwa kishikwambi au kompyuta, na kwa mwonekano ni kisanduku tu. Lakini hupeleka njia 18 kwenye kompyuta kwa wakati mmoja, kila moja peke yake. Ziko pia za aina ya Zoom LiveTrak L-12, ambazo hunasa traki mbalimbali kwenye kadi ya SD hata pasipo kompyuta. Tunaona kwamba aina hii ya mwisho haizungumzwi vya kutosha: kwa kikundi kisicho na kompyuta mpakato yenye nguvu, huenda ikawa nafuu kuliko miksa ya bei ya chini inayodai kompyuta mpya.

Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji ni hili, na tunashauri liulizwe kwa maneno haya haya: "Mashine hii inapeleka njia ngapi kwenye kompyuta kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa traki yake?" Asikubali mnunuzi jibu la "ina njia kumi na mbili", kwa maana hiyo ni idadi ya matundu ya kuingizia sauti, si ya traki zinazotoka kwenda kwenye kompyuta. Jibu sahihi limo katika kitabu cha maelezo, kwenye ukurasa wa vipimo, ambako idadi ya njia zinazoingia na kutoka kwa USB huandikwa kwa namba mbili, kama 2×2 au 18×18. Vitabu hivyo hupatikana bure kwenye tovuti za watengenezaji. Vinaweza kusomwa nyumbani kwa utulivu kabla ya kwenda dukani.

Tundu la USB lenyewe nalo hudanganya macho. Lile bapa, la kuchomekea flashi, mara nyingi hunasa mchanganyiko wa kushoto na kulia tu, hata kwenye mashine kubwa. Linalounganisha miksa na kompyuta kwa kawaida huwa la umbo la karibu mraba, au lile dogo la duara-yai katika mashine mpya zaidi. Miksa nyingine huwa na yote mawili, nyingine lile bapa peke yake.

Kujaribu kabla ya kulipa

Muuzaji mwaminifu hatakataa mashine yake ijaribiwe. Mnunuzi aende na kompyuta yake ileile atakayoitumia, maikrofoni mbili na hedifoni. Programu ya Reaper hutolewa kwa majaribio ya siku 60 bila malipo na inatosha kwa kazi hii. Afungue traki mbili, aelekeze kila moja kwenye njia yake, kisha azungumze kwenye maikrofoni ya kwanza huku mwenzake akizungumza kwenye ya pili. Akizima traki ya kwanza na bado akaisikia sauti yake waziwazi kwenye ya pili, ajue kwamba miksa inachanganya. Wasimame mbali kidogo, kwa sababu maikrofoni zikikaribiana husikilizana na jaribio halitasema kweli.

Kuna tahadhari moja hapa kwa wenye Windows. Ili njia nyingi zionekane kwenye kompyuta hizo, kwa kawaida huhitajika programu endeshi ya aina ya ASIO kutoka kwa mtengenezaji, na programu ya kurekodia inayoikubali. Audacity, ambayo wengi wanaifahamu kwa kuwa ni ya bure, kwa miaka mingi imesambazwa kwa Windows bila ASIO. Mtu anaweza basi kuonyeshwa njia mbili tu na mashine nzuri kabisa, akaikataa bure. Aulize pia iwapo programu endeshi hiyo bado inatolewa kwa toleo la Windows au Mac alilonalo. Miksa inayoongozwa kwa kishikwambi hubaki kisanduku tu siku programu yake inapoacha kufanya kazi kwenye kishikwambi kipya. Kwa mashine iliyokwisha kutumika swali hili lina uzito kuliko hata hali ya vitufe vyake.

Je, miksa inahitajika kweli?

Tunajua kwamba wauzaji hawatapenda tuyaseme haya. Mtu anayeimba peke yake, akirekodi gitaa kwanza kisha sauti juu yake, hana haja ya miksa. Kinachomfaa ni kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili, ambayo huuzwa kwa bei ya chini zaidi na hupeleka njia hizo mbili zikiwa zimetengana. Miksa yenye njia nyingi humfaa anayerekodi watu wengi kwa pamoja. Fedha itakayobaki ni heri iende kwenye maikrofoni, stendi imara na chumba. Miksa ya bei yoyote haitaondoa kelele za feni, wala za mvua juu ya paa la bati. Blanketi nzito, magodoro yaliyosimamishwa ukutani na kabati lililojaa nguo hupunguza mrindimo wa chumba kwa kiasi ambacho wengi hawakitarajii. Trei za mayai, pamoja na umaarufu wake wote, hazisaidii sana.

Kuitumia

Kosa lililoenea ni kurekodi kwa sauti kubwa mno. Zama za kanda ilikuwa lazima sauti ipandishwe ili ishinde mvumo wa kanda yenyewe. Katika kurekodi kwa biti 24 haja hiyo haipo. Juu ya sifuri ya kipimo cha kidijitali hakuna nafasi yoyote: sauti inayopita hapo hukatwa vichwa, na mkwaruzo wake hauondoki. Mwimbaji aimbe sehemu ya wimbo iliyo kali kuliko zote, na kidhibiti cha geini kirekebishwe hadi kilele kifikie kama desibeli 12 chini ya sifuri. Watu huimba kwa nguvu zaidi siku ya kurekodi kuliko wakati wa kujaribu, na nafasi hiyo ndiyo itakayowapokea.

Jambo la pili ni mahali ambapo sauti huchukuliwa kwenda kwenye kompyuta. Miksa nyingi za kidijitali humruhusu mtumiaji kuchagua: mara baada ya kukuzwa, au baada ya marekebisho na athari zote. Tunashauri chaguo la kwanza. Mwangwi uliorekodiwa pamoja na sauti hauondoki tena kwa usafi, ilhali mwangwi unaoongezwa baadaye waweza kubadilishwa mara mia. Mwimbaji anayependa kujisikia akiwa na mwangwi aupate kwenye hedifoni zake, nao usiingie kwenye traki.

Hedifoni hizo nazo zichomekwe kwenye miksa, si kwenye kompyuta. Sauti inayokwenda kwenye kompyuta na kurudi huchelewa. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, ghala la muda la sampuli 1,024 peke yake huchelewesha kwa takribani milisekunde 21 kila upande, na hilo linatosha kumvuruga mpiga ngoma hodari.

Kisha kuna idadi ya sampuli. Miksa na programu ya kurekodia vikubaliane tangu mwanzo, ama 44,100 ama 48,000. Wimbo wa dakika nne ulionaswa kwa 48,000 na kuchezwa kana kwamba ni wa 44,100 hurefuka kwa takribani sekunde 21 na kushuka kwa zaidi ya nusu toni, na waimbaji watalaumiana bure.

Nafasi ya kuhifadhi inahesabika. Traki moja ya biti 24 kwa sampuli 48,000 hutumia takribani megabaiti 8.6 kwa dakika. Traki 16 kwa saa moja ni zaidi ya gigabaiti 8. Kazi inakiliwe kwenye diski ya pili siku hiyohiyo.

Kuhusu umeme, mnunuzi asome maandishi kwenye adapta. Iliyoandikwa 100–240 hufanya kazi hapa bila shida. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani yenye adapta ya volti 120 tu itaungua ikichomekwe kwenye volti zetu 230. Umeme ukikatika, betri ya kompyuta mpakato haiiokoi miksa: huzimika, na faili lililokuwa likiandikwa kwenye kadi laweza kuharibika. UPS ndogo inatosha. Mvumo ukisikika, mtu asikate pini ya ardhi ya plagi ili kuunyamazisha, kama fundi wengine wanavyoshauri. Pini hiyo inalinda uhai wa aliyeshika maikrofoni. Achomeke kwanza vifaa vyote kwenye soketi moja asikilize kama mvumo umetoweka.

Risiti na maelezo ya muuzaji

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inamkataza mfanyabiashara wa Tanzania kutoa maelezo ya kupotosha kuhusu sifa na matumizi ya bidhaa anayoiuza. Kinga hiyo huwa na nguvu zaidi pale mlaji anapoweza kuonyesha alichoambiwa. Kwa hiyo, pamoja na kudai risiti ya mashine ya EFD yenye jina kamili la modeli, si neno "miksa" peke yake, tunamshauri amwombe muuzaji aandike kwenye ankara maneno yafuatayo au yanayofanana nayo: "Imeuzwa kwa ajili ya kurekodi traki nane kwa pamoja kwenye kompyuta." Muuzaji anayesita kuandika aliyokwisha kuyasema kwa mdomo amekwisha kutoa jibu. Boksi na vifungashio vitunzwe hadi mashine ijaribiwe nyumbani kwa njia zote, nalo jaribio lifanyike katika siku za mwanzo, si usiku wa kuamkia siku ya kurekodi.