Jinsi ya Kushiriki Lavage de la Madeleine, Sherehe ya Kibahia Jijini Paris

Kila mwaka, kwa kawaida Jumapili moja ya Septemba, kina mama waliovaa sketi nyeupe pana huongoza msafara wa ngoma katikati ya Paris, kisha huziosha ngazi za kanisa la Madeleine kwa maji ya manukato na maua. Sherehe hii ilianzishwa mwaka 2002 na Roberto Chaves, msanii kutoka Santo Amaro katika jimbo la Bahia, Brazili. Hufanyika barabarani, bila kiingilio, na yeyote aliyeko Paris siku hiyo anakaribishwa.

Ni rahisi kunogewa na ngoma ukachoka njiani na kurudi nyumbani kabla ya kuona lililowaleta watu. Hatua zifuatazo zitakufikisha hadi ngazini, na kukuwezesha kukaa pale kama mgeni mwenye adabu.

Hatua ya 1: Jua asili ya shughuli

Sherehe mama iliyozaa hii iko Salvador, mji mkuu wa Bahia. Kila Januari, umati wa watu waliovaa nyeupe hutembea kama kilomita 8, kutoka kanisa la Conceição da Praia hadi kanisa la Bonfim. Zamani Waafrika waliotumikishwa utumwani walitumwa kulisafisha kanisa hilo kabla ya sikukuu. Katika Bwana wa Bonfim, yaani Yesu anayeheshimiwa kanisani humo, walimwona pia Oxalá, mungu ambaye rangi yake ni nyeupe na ambaye heshima yake waliirithi kwa Wayoruba. Kazi ya kulazimishwa wakaigeuza ibada. Wakuu wa Kanisa walipozuia uoshaji ndani, ulibaki ngazini.

Dini yao yenye asili ya Afrika, Candomblé, ilisakamwa kwa miaka mingi. Hadi mwaka 1976, nyumba zake za ibada katika Bahia zilitakiwa kujiandikisha polisi. Ndiyo maana mama wa Kibahia anayepita katikati ya Paris na chungu chake cha maua, akishangiliwa, anastahili heshima yako kabla hujatoa simu kumpiga picha.

Hatua ya 2: Hakikisha tarehe, kisha isome njia

Tarehe hubadilika, hivyo itazame kwenye matangazo ya waandaaji kabla ya kukata tiketi ya safari. Kwa desturi msafara huanzia uwanja wa République na kufuata barabara kubwa ziitwazo Grands Boulevards hadi Madeleine, mwendo wa takriban kilomita 3.

Laini ya 8 ya metro inapita chini ya njia hiyo hiyo: République, Strasbourg–Saint-Denis, Bonne Nouvelle, Grands Boulevards, Richelieu-Drouot, Opéra, Madeleine. Ukichoka, au ukiwa na mtoto au mzee, unaingia kituo kimoja na kuibukia mbele ya msafara. Nunua kadi ya Navigo Easy na uijaze safari za kwenda na kurudi kabisa. Kila mtu awe na kadi yake, kwani wawili hawawezi kutumia moja katika safari moja.

Hatua ya 3: Vaa nyeupe

Nyeupe ni heshima kwa Oxalá. Shati, gauni, hata kanzu inafaa. Vaa viatu vya kutembelea visivyo na kisigino, na beba sweta nyepesi na koti la mvua, maana hali ya hewa ya Septemba hubadilika haraka. Usijaribu kuvaa kama mama wa Kibahia kamili, na kilemba na shanga zake. Rangi za shanga zile zina maana ya kidini kwa mwenye kuzivaa.

Hatua ya 4: Chagua nafasi yako katika msafara

Karibu na kina mama ndipo penye nyimbo na harufu ya maua. Nyuma yao hufuata vikundi vya ngoma, wacheza capoeira, mchezo wa Kibrazili wa kupigana kwa kucheza, na gari lenye vipaza sauti ambalo wanamuziki huimba juu yake.

Kama hujui kucheza samba, sikiliza surdo, ile ngoma kubwa yenye mlio mzito. Kanyaga kwa kuifuata, magoti yakiwa yamelegea, na mwili utazoea. Kaa mbali na magurudumu ya gari, na usipite katikati ya wapigaji, kwa sababu wanatazamana na kiongozi wao ili wasipoteze mapigo. Watoto wadogo wawekwe mbali na spika.

Maji ya kunywa utayapata bure kwenye zile chemchemi za kijani za Wallace zilizo katika mitaa mingi. Vyoo vya umma vya pembeni mwa barabara navyo havilipiwi. Simu na pochi viwe katika mfuko wa mbele, maana vibaka hupenda msongamano.

Hatua ya 5: Wahi ngazini

Hili ndilo kusudio la siku nzima. Msafara ukikaribia Opéra, tangulia. Simama upande wa Rue Royale, mbele ya kanisa, ambako ngazi zinaonekana vizuri, na uiache wazi njia ya katikati.

Padri wa Kikatoliki na kiongozi wa Candomblé hushiriki katika tendo la pamoja la dini mbili. Kisha kina mama humwaga maji na maua na kufagia ngazi. Wakati huo nyamaza, shusha simu, na usipande ngazini bila kualikwa. Ukinyunyiziwa maji, yapokee, maana ni baraka. Ukitaka kumpiga mtu picha ya karibu, omba kwanza.

Hatua ya 6: Funga utepe kwa utaratibu wake

Huenda ukapewa au ukauziwa utepe wa rangi wa Bonfim. Hufungwa mkononi kwa mafundo matatu, kila fundo kwa ombi moja la kimya. Haukatwi, bali huachwa hadi uchakae na kudondoka wenyewe. Kama imani yako hairuhusu, kataa kwa upole.

Hatua ya 7: Kula ukijua unachokula

Ukikuta acarajé, usiiache. Ni bajia ya kunde iliyokaangwa kwa mawese, ikapasuliwa na kujazwa vatapá, rojo zito la kamba, karanga au korosho, tui la nazi na mawese. Mwenye mzio wa kamba, karanga au korosho aikwepe. Feijoada, maharage meusi yenye nyama, kwa kawaida huwa na nguruwe. Kwa asiyekula nguruwe, pão de queijo, kimkate cha wanga wa muhogo na jibini, kinafaa. Caipirinha ni pombe, guaraná si pombe.

Hatua ya 8: Panga kurudi, na kurudi tena

Mkubaliane mapema mahali pa kukutana endapo mtapoteana. Kituo cha Madeleine kikifurika, tembea hadi Concorde au Opéra. Namba ya dharura ni 112.

Ukiguswa na uliyoyaona, mwaka mzima Paris ina vikundi vya batucada (upigaji wa ngoma za samba), capoeira na samba, na vingi hupokea wanaoanza. Jiunge na kimoja mapema, fanya mazoezi, na Septemba ijayo uulize kama nacho kitaandamana. Sherehe hii inaishi kwa sababu kuna watu wanaojitolea kuibeba, na bado inahitaji mikono.