Kazi Mbili za Nyumbani

Msafiri atokaye Sumbawanga mjini kwenda Muze huteremka ukingo mrefu wa milima ya Ufipa, akaiacha baridi ya juu na kuingia katika joto la bonde la Ziwa Rukwa. Akifika alasiri atawakuta watoto wa shule njiani, madaftari mikononi, wakirudi makwao. Katika baadhi ya madaftari hayo mwalimu ameandika hesabu chache au maneno ya kusoma, na juu yake: kazi ya nyumbani.

Sasa tuulize, mtoto huyo akifika kwao hukuta nini? Hukuta kazi nyingine, nayo pia yaitwa kazi ya nyumbani. Ndoo haina maji, mdogo wake analia, kuni zimekwisha, na wakati wa mpunga kuiva ndege hawangoji. Lugha yetu imezipa kazi hizi mbili jina moja, lakini katika nyumba nyingi moja hutimizwa na nyingine husahauliwa. Asubuhi mtoto hunakili majibu ya mwenzake upesi upesi kabla kengele haijalia. Hapo amejifunza jambo, lakini si hesabu: amejifunza kudanganya.

Hatusemi ya kuwa mtoto asitumwe. Bwana wetu mwenyewe alikua Nazareti katika nyumba ya fundi, na mtoto asiyejua kuteka maji wala kushika jembe hakulelewa vema. Twasema tu ya kuwa kila kazi ipewe zamu yake. Tena zamu hizo zigawiwe kwa haki. Si haki binti apike, aoshe vyombo na kumbembeleza mtoto mchanga, huku kaka yake amekaa na kitabu au yumo uwanjani na mpira.

Wengine hudhani ya kuwa masomo ni shughuli ya mwalimu peke yake. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mwalimu ni msaidizi wao. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, nasi twashukuru. Lakini hakuna serikali iwezayo kuketi na mtoto jioni mahali pa baba na mama.

Wazazi wengi hutujibu: “Padre, sisi hatukusoma, tutamsaidiaje?” Swali hili ni la haki, na jibu lake ni jepesi kuliko wanavyodhani. Tuseme mama fulani hajui kusoma hata neno moja. Amwambie mtoto, “Nisomee,” kisha, “Nieleze kwa Kifipa ulichokisoma.” Mtoto asiyeelewa hataweza kueleza, naye mama atatambua mara moja, bila kuijua herufi hata moja. Na pengine nyumbani yuko babu au bibi aliyejifunza kusoma katika madarasa yaliyoenea nchini baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Huyo naye apewe kazi, ataifurahia.

Basi twashauri mambo manne.

Kwanza, saa. Kwa kuwa tuko magharibi ya nchi, jua la Muze huzama karibu nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam. Hata mlima ukilificha mapema, mwanga hubaki. Mtoto apumzike, ale kidogo, kisha aandike wakati kungali kweupe, kabla ya taa kuwashwa na kabla ya kutumwa tena. Saa ikiwa ile ile kila siku, baada ya majuma machache hamtahitaji kumkumbusha.

Pili, mahali. Meza si lazima. Mkeka barazani na ubao wa kuandikia juu ya magoti vyatosha, mradi redio imezimwa na simu imewekwa mbali, ya mzazi pia.

Tatu, kiasi. Kwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili, dakika 20 zatosha. Mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1885 ya kuwa mafunzo yaliyogawanywa katika siku nyingi hukaa kichwani kuliko yaliyosongwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba. Wala tusiwakeshe watoto: wa miaka 6 hadi 12 huhitaji usingizi wa saa 9 mpaka 12 kila usiku.

Nne, msaada. Tusimwandikie mtoto majibu. Kosa lililo lake humwonyesha mwalimu pa kuanzia. Jibu sahihi lililo letu humficha mgonjwa asionwe na mganga. Wala tusimpige kwa kukosea, maana atakichukia kitabu pamoja na fimbo.

Nao walimu twawaomba wakumbuke nyumba hizo. Kazi iwe fupi, isidai vitu vya kununua, na ikirudi isahihishwe. Mtoto ambaye daftari lake halikaguliwi huacha kuandika.

Wasomaji wetu, jambo hili si dogo. Mtoto amalizaye shule bila kusoma vizuri atatia kidole cha gumba katika hati ya shamba asiyoielewa, atauza mpunga wake kwa mizani asiyoweza kuisoma, na kanisani atamtazama mwenzake akishika kitabu cha masomo. Kasoro hiyo haikuanza siku ya mtihani. Ilianza katika jioni nyingi ambazo hakuna aliyemwuliza, “Leo umepewa nini?”

Leo jioni, kabla ya sala ya pamoja, baba na amwite mwanawe, amwulize swali hilo. Kesho amwulize tena.