MTI WA MSHITA: SOMO KWA NYUMBA ILIYO SAFARINI

Somo la familia. Tusome pamoja: Kutoka 25:10–30, Kutoka 35:20–24, Isaya 41:17–20, Yeremia 29:4–7.

Mwezi huu tumeona vema tujifunze juu ya kitu ambacho wengi hawakitazamii katika ukurasa wa mafundisho: viti, meza, vitanda na vyombo vya mti nyumbani mwetu.

Sababu yenyewe ni hii. Tunapotembelea familia hapa Nakivale, mara nyingi tunaketi juu ya mabidoni, na chakula kinawekwa chini. Si kila mara ni kwa ukosefu wa fedha. Mama mmoja wa kanisa letu alituambia zamani, "Mimi sinunui kitanda. Nitalala chini mpaka siku ya kurudi kwetu." Tulimwelewa, maana hata sisi tulisema hivyo moyoni. Lakini siku hiyo haijafika, na mtoto aliyezaliwa juu ya mkeka ule sasa yuko sekondari. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda, na tangu hapo imepokea watu wa mataifa mengi. Kungoja kunaweza kuwa kurefu. Je, mtu anayengoja anaruhusiwa kuwa na meza nzuri? Tulitafute jibu katika Neno, kisha tushuke mpaka sokoni kwa fundi seremala.

1. MUNGU ALICHAGUA MTI WA MIIBA

Wana wa Israeli walipokuwa jangwani, hawana shamba wala mji, Mungu aliwaagiza watengeneze vyombo vya ibada. Hakuwaagiza mwerezi wa Lebanoni. Mwerezi ulikuja baadaye, wakati wa Sulemani, walipokuwa na nchi na mfalme. Jangwani aliwaambia watumie mshita. Jina hilo la Biblia yetu linatokana na neno la Kiebrania, shita, na wachambuzi wengi wanaona kwamba ni mgunga, ule mti wenye miiba unaoota katika mabonde makavu ya Sinai mpaka leo. Waswahili wengine husema mgunga, ndugu zetu wa Rwanda na Burundi wana umunyinya, na sote tunaiona jamii hii ya miti katika malisho yanayozunguka kambi.

Angalieni vipimo. Dhiraa moja ni kama sentimita 45. Sanduku la agano lilikuwa na urefu wa dhiraa mbili na nusu, yaani kama sentimita 112, na upana na kimo cha dhiraa moja na nusu, kama sentimita 67. Meza ya mikate ilikuwa na urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 67. Wapendwa, hiyo ni meza inayoingia katika nyumba zetu za udongo! Mungu hakuwaonea haya watu wa mahema. Aliwapa meza ya kiasi chao, ya mti wa mahali walipo, nayo ikatengenezwa vizuri sana na Bezaleli, fundi aliyejazwa Roho kwa ajili ya kazi ya mikono.

Basi jibu la kwanza ni hili: kuwa safarini si sababu ya kuishi bila utaratibu. Yeremia naye aliwaandikia waliochukuliwa Babeli wajenge nyumba na kukaa ndani yake, ingawa ahadi ya kurudi ilikuwa palepale.

2. JINSI YA KUCHAGUA

Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwa Kiyunani waliuita mshita mti usiooza. Ni kweli kwamba mti huu ni mgumu na mzito. Lakini tusidanganyike tukadhani kila kinachoitwa mshita ni imara. Sisi wenyewe tuliumia. Mwaka mmoja, Krismasi ikikaribia, tulinunua mabenchi ya kanisa kwa haraka kwa sababu bei ilikuwa nzuri na vanishi ilikuwa inang'aa. Kiangazi kilipofika yalianza kulia na kupasuka, na chini yake tukakuta unga mweupe. Wadudu walikuwa wanakula. Makosa yalikuwa yetu, kwa sababu hatukuyageuza kuyatazama chini. Tangu siku ile tumejifunza mambo haya:

Kwanza, tazameni rangi. Shina la mshita lina sehemu mbili: sehemu ya nje iliyo nyeupe au ya manjano, na kiini cha ndani chenye rangi nyekundu au kahawia. Nguvu iko katika kiini. Sehemu nyeupe ndiyo chakula cha wadudu. Mguu wa kiti ukiwa mweupe nusu nzima, huo ni mguu wa muda mfupi. Miti midogo ina kiini kidogo tu. Inafaa kwa nguzo za ua, si kwa meza.

Pili, ulizeni mti umekauka muda gani. Mshita hukauka polepole, na ukikaushwa kwa haraka juani hupasuka. Maseremala wa zamani husema ubao wa unene wa inchi moja ungojewe kama mwaka mzima kivulini, ukiwa umepangwa juu ya vijiti ili upepo upite. Wekeni shavu juu ya ubao: mti mbichi huwa wa baridi. Gongeni kwa kidole: mti mkavu hulia kwa sauti kali, mti mbichi hujibu kwa sauti nzito. Tazameni pia ncha za mbao, maana nyufa huanzia huko.

Tatu, geuzeni kiti juu chini. Vanishi hupakwa juu, lakini ukweli uko chini. Matundu madogo yenye unga mpya maana yake ni kwamba mdudu bado yumo ndani. Kiti hicho msikilete nyumbani, kitaambukiza vingine.

Nne, kagueni maungo. Mgunga hautoi kwa urahisi mbao pana. Shina lake hujipinda na lina mafundo. Ndiyo maana baadhi ya wachambuzi wanafikiri kwamba zile mbao 48 za hema, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 67, ziliunganishwa kwa vipande. Kwa hiyo msiogope meza ya vipande vingi. Ogopeni vipande vilivyounganishwa vibaya. Ulimi wa mguu uingie katika tundu lake na kukaza. Misumari peke yake haitoshi, kwa kuwa mti mgumu hupasuka ukipigwa msumari bila kutobolewa kwanza. Ketini juu ya kiti, yumbeni kushoto na kulia. Kikilia sokoni, nyumbani kitavunjika.

Tano, kwa kitanda, hesabuni nyufa. Kila ufa ni nyumba ya kunguni. Chagueni kitanda kilicholainishwa kwa msasa mpaka pembeni, tena cha kufunguliwa kwa bolti. Sababu ya bolti tutaieleza mwishoni.

3. VYOMBO VYA JIKONI NA MATUNZO

Mti mgumu unafaa kwa mwiko, mchi, bakuli na kibao cha kukatia nyama na mboga. Lakini chombo cha chakula kisiwe na rangi wala vanishi, na kisitengenezwe kwa vipande vya mbao za zamani zilizowahi kupakwa dawa. Kama fundi hawezi kusema mbao imetoka wapi, tumieni kwa kazi nyingine.

Akina mama wanajua kwamba chombo cha mti hakiachwi ndani ya maji usiku kucha. Mti hunywa maji ukavimba, kisha ukikauka hupasuka. Osheni kwa maji moto na sabuni mara baada ya kazi, pangusieni kitambaa, kisha simamisheni kibao wima kivulini ili hewa ipite pande zote mbili. Kibao cha nyama mbichi kisiwe kibao cha nyanya zinazoliwa bila kupikwa. Kibao kikiwa na mikato ya kina isiyosafika, fundi akipige randa upya.

Viti na meza hupenda mafuta kidogo. Mafuta ya kitani yanayouzwa penye duka la rangi yanafaa kwa meza, viti na vitanda, lakini si kwa vyombo vya chakula. Pakeni kidogo kwa kitambaa, ngojeni robo saa, pangusieni yote yaliyobaki. Hapa tunatoa onyo: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kuwaka moto chenyewe. Kitandazeni nje mpaka kikauke kabisa. Katika nyumba zetu za shitingi na nyasi, moto mmoja humaliza mtaa.

Miguu ya meza na kitanda iwekwe juu ya mawe bapa, isiguse udongo wenye unyevu, kwa ajili ya mchwa.

Watoto wetu walio Marekani na Kanada hutuandikia kwamba maduka ya huko nayo yanauza vibao na bakuli za akasia. Jina ni la jamii hiyo, lakini nyingi kati ya hizo ni za miti yenye asili ya Australia na Papua New Guinea, inayopandwa katika mashamba makubwa ya Vietnam, Indonesia na Malaysia. Matunzo ni yaleyale. Nao pia wasiziloweke!

4. MTI HUU NI WA NANI?

Hapa somo linagusa mahali panapouma. Mti mmoja ukikatwa bila ruhusa unaweza kuvunja ujirani wa miaka kumi. Mwenyeji wa Ankole anapouona mshita, haoni ubao. Anaona kivuli cha ng'ombe wake saa sita mchana. Sisi tunaouhitaji tunaona makaa. Watoto wetu wamefukuzwa, mapanga yao yamechukuliwa, na wazazi wamekwenda kuomba msamaha wakiwa wameinamisha vichwa.

Kutoka 35 inatufundisha kwamba kila mtu aliyekuwa na mti wa mshita kwake ndiye aliyeuleta. Mbao za hema ya Mungu zilikuwa sadaka ya wenye mali, hazikuibiwa malishoni. Na katika Kumbukumbu la Torati 20:19–20, hata wakati wa vita, watu walikatazwa kuiangamiza miti ya matunda ya mji walioupigania. Kama vita haikuwapa ruhusa, je, sisi tuliopokelewa kwa amani?

Kwa hiyo tunasihi: fundi aulizwe mti umetoka wapi. Anayetaka kukata apite kwa mwenye shamba, kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa ofisi ya kambi. Kitu cha bei ndogo kilichotokana na wizi si baraka, ni deni ambalo mwingine atalipa.

Tena tupande. Katika Isaya 41:19 Mungu anaahidi kupanda mshita nyikani. Naye anautaja sambamba na mwerezi. Mbegu za mgunga zina ganda gumu. Chemsheni maji, yaondoeni motoni, mimineni juu ya mbegu, ziacheni humo mpaka kesho yake, ndipo mpande. Mche uzungushiwe miiba, maana mbuzi hawasomi Biblia. Nasi tukumbuke kwamba mshita ukichomwa makaa huisha kwa siku chache, lakini ukiwa kiti huketisha wajukuu.

5. MITI YA KUCHUKULIA

Turudi kwenye sanduku. Lilikuwa na pete nne, na miti miwili ya mshita ya kulichukulia. Kutoka 25:15 inaagiza miti hiyo isiondolewe kamwe katika pete. Hata kambi ilipotulia muda mrefu, sanduku lilikuwa tayari kwa safari. Lilitengenezwa kwa uzuri wote, kama kitu cha kudumu, na bado lilikuwa chombo cha watu wanaohama.

Hapo ndipo tunapojifunza namna ya kukaa. Tusiishi kana kwamba hatutaondoka kamwe, tukasahau tulikotoka. Wala tusiishi kana kwamba tunaondoka kesho, watoto wakakulia juu ya mabidoni. Nunueni kitu kizuri, chenye kuweza kubebeka. Kitanda cha bolti hufunguliwa kwa nusu saa na kufungwa kwa kamba.

Yule mama tuliyemtaja alinunua kitanda mwaka jana, cha mshita, cha bolti nane. Alituonyesha spana yake ndogo, ameifunga kwa uzi kwenye mguu wa kitanda ili isipotee. Akasema, "Siku ya kurudi ikija, nitakuwa tayari. Lakini usiku huu nitalala juu."

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kwa nini Mungu aliwapa watu wa jangwani meza, na si mikate tu?
2. Ni kitu gani nyumbani kwetu tumekiahirisha kwa kusema "tutanunua tukirudi"?
3. Kuni, makaa na mbao tunazotumia zinatoka kwa nani? Je, yuko mwenyeji tunayepaswa kumwomba msamaha?
4. Familia yetu inaweza kupanda miti mingapi kabla ya mvua zijazo, na nani atailinda dhidi ya mbuzi?

Tuombe: tuwaombee mafundi wetu, wapewe hekima kama Bezaleli, tuwaombee wenyeji waliotupokea, na tuwaombee wote wanaolala chini usiku wa leo. Amina.