Sanduku la Bati: Swali la Ujazo Mkubwa, Hatua kwa Hatua

Wengi wetu katika kampasi ya Nagongera ya Chuo Kikuu cha Busitema tunasomea ualimu wa sayansi na hisabati. Hatua unayoiruka leo daftarini utairuka kesho ubaoni, na mwanafunzi wako hataiona kabisa. Basi tufanye swali moja la kalkulasi bila kuruka kitu.

Swali: Fundi ana bati la mraba, kila upande sm 60. Anakata mraba mdogo wenye upande wa sm x katika kila pembe, kisha anakunja kingo nne apate sanduku lisilo na mfuniko. Je, x iwe ngapi ili sanduku libebe maji mengi kabisa?

Hatua ya 1: Chora. Kila upande umekatwa x mara mbili, kwa hiyo upande wa kitako ni 60 − 2x. Kimo ni x. Anayesahau hiyo 2 amepoteza swali zima.

Hatua ya 2: Andika ujazo.
V = x(60 − 2x)²
V = 3600x − 240x² + 4x³
Andika na mipaka: x izidi 0, isifike 30.

Hatua ya 3: Tafuta mteremko wa V, yaani diferensiesheni. Katika kila kipande, zidisha kwa kipeo, kisha punguza kipeo kwa 1.
dV/dx = 3600 − 480x + 12x²

Hatua ya 4: Kileleni mteremko ni sifuri.
12(x² − 40x + 300) = 0
12(x − 10)(x − 30) = 0
x = 10 au x = 30

Hatua ya 5: Chagua kwa sababu. Kwa x = 30, bati lote limekatwa na kitako hakuna. Usiandike tu "haifai"; andika kwa nini haifai.

Hatua ya 6: Hakikisha ni kilele, si bonde.
d²V/dx² = 24x − 480
Kwa x = 10 tunapata −240. Ni hasi, hivyo ni kilele.

Hatua ya 7: Jibu ulichoulizwa. Fundi akate sm 10. Ujazo ni 10 × 40² = 16,000, yaani lita 16. Jaribu majirani: x = 9 inatoa 15,876, na x = 11 inatoa 15,884. Zote pungufu.

Tuna shahidi mwingine wa zamani. Katika karne ya 12, miaka mia kadhaa kabla ya Newton na Leibniz, Sharaf al-Din al-Tusi alionyesha kuwa u²(b − u) hufikia kilele u ikiwa theluthi mbili za b. Upande wa kitako chetu tukiuita u, kimo ni (60 − u) ÷ 2, na ujazo ni nusu ya u²(60 − u). Theluthi mbili za 60 ni 40. Ndicho kitako chetu.

Zoezi: rudia kwa bati la sm 90. Ukipata lita 54, mweleze mwenzako hatua zote saba bila kutazama daftari. Akikwama mahali, hapo ndipo uliporuka.