NENO "MOYO" KATIKA LUGA ZETU NA KATIKA LUGA ZA WENGINE



Mara hii tumechagua kusema juu ya neno moja ya mwili wa mtu, ni kusema "moyo". Wengine watacheka: moyo, nani hajui? Hata mutoto mudogo anaweka mkono ku kifua na kusema ni hapa. Lakini ulizeni jirani yenu wa meza, yule ambaye wazazi wake walitoka Kananga ao Mbuji-Mayi. Mwambieni tu "Moyo!" Hatashika kifua. Atawajibu sawa mtu aliyesalimiwa.

Maana katika Tshiluba, moyo ni salamu. Mtu mmoja anaambiwa "Moyo webe", na watu wengi wanaambiwa "Moyo wenu", ni kusema uzima wako, uzima wenu. Mwaka huu, masomo yalipofunguliwa, mwanafunzi mmoja mupya aliingia katika nyumba ya kulala na kusalimu hivi kwa sauti. Ndugu wengi walianguka kwa kicheko, wakamuuliza moyo wake una nini, na tangu siku ile wakamupa jina "Mugonjwa wa Moyo". Hakusalimu tena mtu kwa luga yake. Sisi tunaoangalia utaratibu tulikataza jina lile, lakini kukataza peke yake hakutoshi, kwa sababu waliocheka waliamini kabisa kwamba yeye ndiye aliyekosea. Basi tulitafuta katika vitabu, tukauliza na waalimu wetu, na tuliyoyapata ni haya.

Luga zetu za Kibantu ziko na maneno mawili ya zamani sana kwa jambo hili. Moja ni hili "moyo". La pili, wataalamu wanaliandika -tima. Angalieni wenyewe: Lingala wanasema motema, Kikongo ntima, Kinande omutima, Mashi omurhima, Kinyarwanda umutima, na kule Malawi Kichewa wanasema mtima. Ni mutoto wa mama mmoja, amebadilisha nguo kidogo tu. Hata Kiswahili kiko naye: "mtima" limo katika kamusi, na washairi wa pwani walilipenda, ingawa ku soko hautalisikia.

Sasa, pahali ambapo -tima ilishika kazi ya kutaja kiungo cha mwili, "moyo" ilibaki na kazi nyingine. Katika Kikongo, ntima ni kile kinachopiga ndani ya kifua, na moyo ni uzima ao nafsi. Kichewa wanafanya vilevile: mtima ni kiungo, moyo ni uzima. Kiswahili, na Kishona kule Zimbabwe, viliweka neno moyo (wao wanaandika mwoyo) kwa kiungo chenyewe. Kwa hiyo mwana wa Kasai anayesalimu "Moyo" anasema neno letu lile lile, na maana yake inakaa karibu kabisa na yetu: mtu ambaye moyo wake unapiga si ndiye aliye na uzima?

Tena sisi wa mashariki tusijivune sana, maana kwa barabara hatusemi "moyo" mara nyingi. Tunasema roho. Roho inaniuma, roho inapiga mbio, fulani eko na roho mubaya. Lakini roho ni neno la Kiarabu, ruh, na Waarabu wenyewe hawaiti kiungo cha kifua ruh, wanakiita qalb. Sisi tulichukua neno la nafsi tukalipatia nyama. Na hatuko peke yetu. Waromania wa Ulaya wanasema luga iliyozaliwa na Kilatini, lakini waliacha neno la Kilatini la moyo, na leo moyo wanauita inimă, ambayo imetoka kwa anima, ni kusema nafsi. Hawakutujua, hatukuwajua, na tulifanya sawasawa.

Neno la Kilatini waliloliacha ni cor. Wafaransa walilitunza: cœur, Waitaliano: cuore. Wagiriki wanasema kardia, na ndiyo shina la cardiaque na cardiologie. Waingereza wanasema heart, na Wadachi Herz. Ndugu zetu wanaolia kwamba Kiingereza hakifanani na Kifaransa hata kidogo, waandike maneno haya kandokando: cent na hundred, corne na horn, cœur na heart. Pale Kilatini kilipotoa sauti ya k, Kiingereza kinapumua h. Ukishika hii, maneno mengi yatakufungukia yenyewe.

Ndani ya cœur mulitoka pia courage. Kwa hiyo "encourager" ya Kifaransa na "kutia moyo" ya Kiswahili ni neno moja lililojengwa mara mbili. "Apprendre par cœur", na sisi tunasema kujua kwa moyo. Kwa Kilatini recordari ni kukumbuka, na cor inasikilika ndani yake. Pengine utauliza: kukumbuka si kazi ya ubongo? Leo ndiyo. Lakini Aristote, katika karne ya 4 mbele ya Kristo, alifundisha kwamba mawazo yanakaa katika moyo, na kwamba ubongo ni wa kupoza joto tu. Ilifika mpaka mwaka 1628 ndipo munganga Mwingereza William Harvey alionyesha katika kitabu chake kwamba moyo ni pompi: unasukuma damu, damu inazunguka mwili na kurudi. Na tarehe 3 desemba 1967, mjini Cape Town, Christiaan Barnard alitoa moyo wa mtu aliyekufa akauweka ndani ya kifua cha Louis Washkansky, ambaye aliishi siku 18. Kwa Kiswahili tunasema alipewa moyo wa mtu mwingine, na ni kweli. Jaribuni kusema vile kwa Kikongo na neno lile lile moyo: itakuwa alipewa nafsi ya mtu mwingine! Mutafsiri asiyejua hii ataleta mabishano makubwa sana.

Hapa tunaomba wa Biolojia-Kemia waamke, maana ni jambo la mtihani. Péricarde, ni ngozi inayofunika moyo. Myocarde, ni nyama ya moyo. Cardia, je? Karibu kila mtu anajibu "moyo", na karibu kila mtu anapoteza alama. Cardia ni pahali ambapo umio unaingia katika tumbo la chakula. Ni mlango wa tumbo, hauko ndani ya moyo. Sababu ni kwamba waganga wa Ugiriki wa zamani walitumia kardia kwa vitu viwili, moyo na mdomo wa tumbo, kwa maana uchungu wa pale mgonjwa anausikia karibu na moyo, na hajui kuutenga.

Musiwacheke Wagiriki. Kiswahili kinaita lile shimo dogo chini ya mfupa wa kifua "chembe cha moyo", na moyo hauko pale. Mtu anayetaka kutapika anasema moyo unamuchafuka. Waingereza wanaita kiungulia heartburn, ni kusema moto wa moyo, wakati moto wenyewe uko katika umio. Na Mfaransa akisema "j'ai mal au cœur", hasemi kwamba moyo unamuuma. Anasema yuko na kichefuchefu.

Na hii ya mwisho ndiyo inayotuhangaisha. Katika daftari ya wagonjwa, wadogo wetu wanatafsiri "roho inaniuma" na kuandika "j'ai mal au cœur". Munganga anasoma kichefuchefu, anatoa dawa ya kutuliza tumbo, na mutoto anarudi darasani na kifua kinachompiga mbio. Zaidi ya hii, waganga wanafundisha kwamba ugonjwa wa kweli wa moyo pengine unajionyesha kwa uchungu pale pale ku chembe cha moyo, sawa uchungu wa tumbo. Jina peke yake haliwezi kuamua.

Kwa hiyo tumepatana na munganga wetu. Yule anayefika kwake asianze kutafuta neno la Kifaransa. Aweke kidole pahali panapouma, aseme imeanza saa ngapi, kama alikimbia ao alikula kwanza, na kama uchungu unatembea mpaka ku mkono. Jina la ugonjwa munganga atalitafuta mwenyewe. Anayeona vyepesi kueleza kwa luga ya nyumbani, aeleze kwa luga ya nyumbani: majina ya wanafunzi wa kutafsiri, kwa kila luga, yamebandikwa ku mlango tangu juma lililopita.

Doyen wa wanafunzi, mwaka wa mwisho