Isnadi ya Maandishi: Namna ya Kutaja Marejeo katika Makala ya Jarida la Elimu

Ndugu zetu wasomaji, miongoni mwa vijana wetu wa Kibera na Kawangware wako leo wanaosoma katika vyuo vikuu, na baadhi yao wameanza kuandika makala za utafiti ili zichapishwe katika majarida ya wataalamu. Hili ni jambo la kufurahisha, kwani kwa muda mrefu habari za mitaa yetu zimeandikwa zaidi na watu wa mbali. Lakini mwandishi asiyejua kutaja marejeo yake hujivunjia heshima mbele ya mhariri, hata ikiwa utafiti wake ni mzuri. Basi darasa hili litaeleza kwanza maana ya rejeo, kisha madhara ya kulichezea, kisha kanuni za kuliandika.

MAANA YA REJEO

Fahamu ya kwamba rejeo ni isnadi. Maimamu wa hadithi hawakuridhika na maneno mpaka wajue nani kayapokea kwa nani, na aya ya 6 ya Suratul Hujurati yatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuitenda. Vivyo hivyo, mwandishi asemapo, "Watu wa Kibera ni kadha wa kadha," msomaji ana haki ya kumwuliza: Umeyapata wapi? Rejeo ndilo jawabu la swali hilo. Kazi yake ni kumwezesha msomaji afike kwa miguu yake pale ulipofika wewe. Kila nukta na kila mkato umewekwa kwa ajili hiyo.

MFANO ULIO MLANGONI PETU

Kwa miaka mingi vitabu, magazeti na ripoti zilisema kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi, na kwamba ndiyo mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote ya Afrika. Mwandishi huyu akimtaja yule, na yule akimtaja mwingine, na marejeo yote yamepangwa vizuri kabisa. Kisha ikaja sensa ya 2009, na matokeo yake yalipotolewa mwaka 2010, idadi ilikuwa watu 170,070. Mwaka 2011 Amélie Desgroppes na Sophie Taupin walichapisha utafiti wao katika jarida la IFRA, taasisi ya Kifaransa ya utafiti iliyoko Nairobi, wakakadiria kiasi cha watu laki mbili. Wako waliobisha hesabu ya sensa, na kubisha kwa hoja ni katika elimu; lakini hesabu hizi mbili ziko mbali sana na milioni.

Je, jambo hili lina madhara gani? Soweto East ndicho kijiji cha Kibera kilichotangulia kuingizwa katika mpango wa Serikali na UN-Habitat wa kuboresha makao. Mwaka 2009 wakazi walianza kuhamishiwa nyumba za muda za Lang'ata, na mwaka 2016 nyumba mpya 822 zikakabidhiwa. Apangaye nyumba, mabomba, vyoo na zahanati huanza kwa kuuliza: watu ni wangapi? Akipewa idadi iliyozidishwa mara tano, ama atakata tamaa kwa kuona kazi haiwezekani, ama atapanga yasiyolingana na watu walioko.

Hii ndiyo taqlidi katika elimu: kumfuata aliyetangulia bila kuuliza dalili yake. Na lililo baya zaidi ni tadlisi, yaani mtu kukitaja kitabu ambacho hakukifungua, akamfanya msomaji adhani amekisoma, ilhali ameyaokota maneno hayo katika makala ya mtu mwingine.

KANUNI

La kwanza: Soma maagizo ya jarida kabla ya kupeleka makala. Mitindo ni mingi. APA na Harvard hutaja jina na mwaka ndani ya maandishi. Chicago ina njia mbili, ya tanbihi na ya jina na mwaka. Vancouver hutumia namba kwa kufuata mpango wa kutajwa. Hakuna ulio haramu, ila kuichanganya katika makala moja ni kosa.

La pili: Kila rejeo hujibu maswali manne: nani, lini, nini, wapi. Tazama mfano huu wa mtindo wa Chicago, njia ya tanbihi: Parsons, Timothy. "'Kibra Is Our Blood': The Sudanese Military Legacy in Nairobi's Kibera Location, 1902–1968." International Journal of African Historical Studies 30, no. 1 (1997): 87–122. Hapo 30 ni juzuu, 1 ni toleo, 1997 ni mwaka, na mwisho ni kurasa. Katika APA mwaka hufuata jina mara moja, na jina la kwanza hubaki herufi moja tu. Makala ikiwa na ile namba ya kudumu iitwayo DOI, iandike mwishoni.

La tatu: Usisahihishe anwani ya mwenzako. Katika mfano huo mna "Kibra" na mna "Kibera" pia. Yaache yote mawili kama yalivyochapwa.

La nne: Katika orodha usiandike Sheikh, Daktari wala Profesa. Huko si kumvunjia mtu heshima. Orodha ni ya kutafutia, si ya kusifia. Na "al-" haihesabiwi katika kupanga herufi: al-Mazrui hutafutwa chini ya M.

La tano: Andika mwaka wa nakala uliyoisoma, na umtaje mfasiri. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alifariki mwaka 1947, ama tarikhi yake ya ukoo wa Mazrui wa Mombasa ilichapishwa 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. McL. Ritchie. Asiyemtaja Ritchie amemdhulumu, na amemficha msomaji kwamba maneno hayo ya Kiingereza si ya Sheikh mwenyewe.

La sita: Ukitaja idadi, taja aliyehesabu, mwaka, na mipaka. Sensa ya 2019 ilitoa watu 185,777 kwa kaunti ndogo ya Kibra. Lakini mipaka ya kaunti ndogo si lazima iwe mipaka ya vijiji vya mabanda. Usiilinganishe na ile ya 2009 bila ya kulieleza hilo.

MASWALI NA MAJAWABU

Swali: Kitabu cha asili sikukipata, nimeyaona maneno yake katika makala ya mwingine. Nifanyeje?
Jawabu: Kitafute kwanza. Ukishindwa, sema wazi kwamba fulani amenukuliwa na fulani, na katika orodha uweke kile ulichokisoma wewe. Hivyo umesalimika na tadlisi.

Swali: Mzee wa Kibera amenisimulia kwa mdomo. Je, yeye ni rejeo?
Jawabu: Naam, baada ya kupata idhini yake. APA humtaja ndani ya maandishi tu, wala hamwingizi katika orodha. Akitaka jina lake lifichwe, lifiche.

Swali: Je, yafaa kutumia programu za kompyuta?
Jawabu: Programu kama Zotero hukusanya na kupanga marejeo, na zinafaa, ila kagua ulichopewa. Ama programu za akili mnemba, hizo huweza kubuni makala isiyokuwapo, pamoja na mwandishi, mwaka na kurasa. Huo ni mfano wa hadithi ya kuzuliwa yenye isnadi ya kupendeza. Usiingize rejeo ambalo hukulifungua kwa mkono wako.

Basi, ewe mwanafunzi, kabla ya kuipeleka makala yako, kaa na orodha yako na ulipitie rejeo moja moja. Lililotajwa ndani liwe katika orodha, na lililo katika orodha liwe limetajwa ndani. Na kwa kila moja jiulize: Je, mimi nimeliona hili? Ulilolikosea jirani yako wa Soweto East leo, kesho litanukuliwa na mtu asiyemjua kabisa.

Wabillahi tawfiq.