Roketi ya Chupa na Mwavuli Wake

Wengi wakisikia neno roketi hufikiri Marekani na Urusi tu. Lakini tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya, Waitalia walirusha roketi ya Kimarekani iliyobeba setilaiti. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya kujitawala, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Mahali pale ni karibu na Ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huisaidia roketi inayoelekea mashariki. Tena mbele ni Bahari ya Hindi, hata vipande vikianguka havimpati mtu.

Sisi wa Mlandege hatuna bahari. Tuna mabati ya watu na watoto wa jirani. Kwa hiyo katika roketi yetu kazi kubwa si kuipandisha, ni kuiteremsha.

Yenyewe ni chupa ya plastiki ya soda. Hutiwa maji theluthi moja, ikazibwa kwa kizibo cha mpira kilichopenyezwa mdomo wa tyubu ya baiskeli, ikasimamishwa kichwa chini na kujazwa hewa kwa pampu. Hewa ikizidi kushindiliwa, kizibo huchomoka: maji husukumwa chini, nayo chupa husukumwa juu kwa nguvu ile ile, kama alivyofundisha Newton. Maji yakizidi, hewa hukosa nafasi na chupa huwa nzito. Chupa ya kioo isitumiwe kabisa, wala baruti za viberiti. Hiyo si fizikia, ni kutafuta hospitali.

Kupima kimo ni rahisi. Simama mita 30 kutoka roketi ilipo, ushike kipimapembe chenye uzi na kijiwe. Ikifika kileleni kwa pembe ya nyuzi 45, imepanda mita 30 juu ya jicho lako. Kitu kikianguka kutoka hapo bila kuzuiwa na hewa hufika chini kwa kasi ya kilomita 87 hivi kwa saa. Gari lenyewe mjini huruhusiwa 50!

Ndiyo maana twaweka mwavuli. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, basi twakata kitambaa cha mwavuli wa mvua uliovunjika, twafunga nyuzi sita, na kutoboa tundu katikati ili usiyumbe. Hukunjwa chini ya kofia ya karatasi isiyobana. Roketi ikigeuka kileleni, kofia hudondoka na mwavuli hufunguka. Usiwe mkubwa mno, kwani upepo huuchukua. Tukirusha asubuhi huanguka kiwanjani. Tukirusha alasiri, humlazimu mmoja wetu kwenda kupiga hodi kwa jirani.